Ghorofa linalojitegemea: maji anapandisha nani?

MWANAIDI: Haya, tunarekodi. Wiki hii nimekaa siku tatu bila maji jamani, nipo ghorofa ya saba, umeme unakatika pampu haipandishi, lifti nayo imekufa, kwa hiyo ni mimi na ndoo na ngazi. Sasa siku ya pili nimepumzika pale ghorofa ya nne, nafungua simu nakuta Frank umenitumia video ya lile jengo la Saudia.

FRANK: Aisee pole sana dada, sikujua kabisa.

MWANAIDI: Asante. Ila ilikuja wakati wake, maana swali lililonijia pale pale kwenye ngazi ni hili, huko maji anapandisha nani?

FRANK: Ngoja niwaeleze wasikilizaji kwanza. Inaitwa The Line, ipo kwenye mradi wa miji mipya wa NEOM, mkoa wa Tabuk, upande wa Bahari ya Shamu. Ilitangazwa 2021, mwaka uliofuata ikatoka michoro, kuta mbili za vioo zimekwenda sambamba jangwani kilomita 170, kwenda juu mita 500, upana mita 200 tu, na humo ndani wakae watu milioni 9, hamna magari hamna barabara, umeme wa jua na upepo, mahitaji yako ya kila siku yote uyafikie kwa mguu dakika tano. Alafu 2024 ikaripotiwa kwamba mpaka 2030 walikuwa wanategemea kumaliza kama kilomita 2.4 hivi.

MWANAIDI: Na pale hapakuwa patupu, tuseme hilo. Kuna kabila la Wahuwaiti, vijiji vyao vimevunjwa wakahamishwa kupisha mradi, na mmoja wao aliyekataa kuondoka aliuawa na askari Aprili 2020. Mi siwezi kuuzungumzia ule mji nikamruka huyo mtu.

FRANK: Kweli kabisa.

MWANAIDI: Sasa hili neno kujitegemea, yaani jengo lijitoshe lenyewe kwa chakula, hewa na umeme. Kuna watu walilijaribu kwa miili yao, Biosphere 2, ipo Arizona kule Marekani. Watu wanane, wanaume wanne wanawake wanne, wameingia Septemba 1991 kwenye jengo la vioo lililozibwa, ndani kuna shamba, kuna kimsitu, kuna bahari ndogo, wakakaa miaka miwili mpaka Septemba 1993. Wanalima wenyewe, viazi vitamu, ndizi, mapapai, karanga, na kwa kweli chakula kingi walikitoa mle mle ingawa njaa iliwakaba wakakonda. Lakini hewa, Frank, hewa ndo ilianza kupungua.

FRANK: Kwani mimea si inatoa oksijeni?

MWANAIDI: Inatoa, ila udongo waliuweka wenye mbolea nyingi sana, bakteria wa kwenye udongo wakawa wanavuta oksijeni kuliko mimea inavyorudisha, wanatoa hewa ukaa, na ile hewa ukaa nayo badala ya kurudi kwenye majani inanyonywa na zege la jengo lenyewe! Yaani kuta zilikuwa zinakula hewa yao. Oksijeni ikatoka asilimia karibu 21 ikashuka mpaka 14 na kitu, hiyo ni kama unaishi Kilimanjaro juu kidogo ya kambi ya Horombo, kila siku, na jembe mkononi. Mtu anashindwa kumaliza sentensi bila kuhema. Januari 1993 ikabidi waingiziwe oksijeni kutoka nje.

FRANK: Na umeme je?

MWANAIDI: Ulitoka nje siku zote! Jenereta za gesi zipo pembeni, bila hizo lile jua la Arizona lingewapika mle ndani. Watu wanane tu hao, na wanasayansi wamesimama dirishani. Sasa niambie milioni 9.

FRANK: Hapo nakubali, ila mi nina mfano mwingine na huu watu wanaishi mpaka leo. Whittier, Alaska. Kuna jengo linaitwa Begich Towers, ghorofa 14, jeshi la Marekani lililijenga miaka ya 1950, jeshi likaondoka, raia wakabaki, na karibu mji mzima unakaa kwenye hilo jengo moja. Posta humo, duka, zahanati, kanisa lipo chini kabisa, watoto wanaenda shule kwa njia ya chini ya ardhi theluji isiwapate. Lilipita salama hata kwenye tetemeko kubwa la 1964.

MWANAIDI: Chakula wanalima?

FRANK: Hapana, kinaletwa na meli au kinapita kwenye handaki la kilomita 4, njia moja tu, gari na treni wanapishana kwa zamu, na usiku linafungwa.

MWANAIDI: Unaona, hili mi nimelipenda kuliko la vioo, na halijitegemei hata kidogo, kila mtu mle anajua handaki linafungwa saa ngapi na meli inaingia lini. Kwenye michoro ya hii miji mipya naonyeshwa bustani zinaning'inia, sionyeshwi chumba cha pampu wala fundi wake analala wapi, na hilo ndo la kwanza mi nataka kuonyeshwa.

FRANK: Lakini kuishi kwa kubanana hukatai?

MWANAIDI: Sikatai hata! Kubanana kunaokoa ardhi, bomba linakuwa fupi, jirani yupo karibu. Zile siku tatu jirani wa ghorofa ya pili alinipokea ndoo mara ngapi sijui. Jumamosi tuna kikao cha wapangaji, nakwenda na ajenda moja, tangi la akiba na nani anashika ufunguo wa pampu.

FRANK: Na leo maji yametoka?

MWANAIDI: Yametoka saa kumi alfajiri, nimejaza kila kitu mpaka sufuria za pilau.