Jinsi ya kuchora saspensheni huru ya nyuma mkiwa mafundi watatu miji mitatu

Habari zenu wadau, karibuni gereji. Leo tunafanya kile mlichokiulizia tangu nioneshe fremu ya bagi yetu, kwamba mnawezaje kuchora saspensheni ya nyuma mmoja akiwa Dar, mwingine Nairobi na mwingine Mwanza, alafu vyuma vikikutana vinaingia. Mwanzoni havikuingia. Subirini niwaoneshe, hizi hapa chini ya benchi, wishboni nne, yaani mikono inayoshikilia tairi, nzuri kabisa zimechomelewa vizuri na hazina kazi, nitawaeleza zilikufaje. Ila nimeamua kurekodi hii kwa sababu naona vijana wengi wana mkono mzuri wa kuchomelea na laptop wanayo, lakini kila mtu anajenga kivyake na wote wanarudia kosa lilelile moja, na chuma kimepanda bei jamani.

Kwa wageni kidogo tu. Gari lenyewe ni bagi ya viti viwili ya kukimbilia autokrosi, injini iko mbele, tairi za nyuma ndo zinasukuma. Saspensheni huru maana yake kila tairi inapanda na kushuka kivyake, na difu, yaani gia inayogawa nguvu kwa tairi mbili, imefungwa kwenye chasisi, haining'inii kwenye tairi kama kwenye pikapu yenye ekseli moja ngumu inayounganisha tairi zote mbili za nyuma. Pikapu ikigonga tuta difu nzima inaruka na tairi, uzito wote ule, ndo maana nyuma inadunda na tairi linaachia ardhi. Hapa kinachoruka ni tairi, habu, breki na kipande cha mikono basi. Difu tuliyochagua ni R160 ya Subaru, ile 160 ni kipenyo cha krauni, gia kubwa ya ndani, kwa milimita, ni ndogo, nyepesi, inapatikana Ilala kule Dar na Kirinyaga Road ya Nairobi pia, na ratio zipo za 3.9, 4.11 na 4.44 kwahiyo unachagua kulingana na injini yako. Habu na draivu shafti tumechukua za Impreza hizohizo, bolti tano za 5x100.

Sasa twende kazini, na naomba hii hatua ya kwanza msiiruke hata kama inaonekana ya kitoto. Kabla hujafungua programu yoyote ya kuchora, kubalianeni sifuri iko wapi. Sisi sifuri yetu ni hivi: mbele na nyuma tunaanzia kwenye mstari unaopita katikati ya tairi za nyuma, kushoto na kulia tunaanzia katikati ya gari, na juu na chini tunaanzia sakafuni gari likiwa limekaa na dereva ndani. X inaenda mbele, Y inaenda kushoto kwa dereva, Z inaenda juu, ndo mpangilio wa ISO 8855. Nasema hivyo kwa sababu kuna mpangilio mwingine wa zamani wa SAE, chama cha wahandisi wa magari, ambao Y inaenda kulia na Z inaenda chini, na mtu aliyejifunzia huko akikutumia namba bila kusema, mkono wako wa kushoto unakuwa wa kulia na wa juu unakuwa chini ya sakafu. Andikeni kwenye ukurasa wa kwanza wa faili, kwa herufi kubwa. Na vipimo vyote milimita, hakuna inchi, hakuna sentimita, hakuna "kama vidole viwili hivi".

Haya, sasa hizi wishboni marehemu. Angalia hapa kwenye ubao nachora. Mimi nilipima upana kutoka katikati ya gari hadi katikati ya tairi nikapata 700, nikaandika "Y tairi 700" nikatuma. Jamaa yangu wa Nairobi yeye kwenye modeli yake anachora kuanzia uso wa habu, pale rimu inapokaa, akaona 700 akaiweka pale. Rimu zetu zina ofseti ya 48, maana yake uso wa habu uko milimita 48 nje zaidi ya katikati ya tairi, kwahiyo ilitakiwa iwe 748. Akachora safi, akanitumia, nikakata, nikachomelea zote nne usiku kucha, asubuhi nafunga naklo, chuma kinachobeba habu, nashika draivu shafti naisukuma kwenye difu inagoma, naangalia nadhani sivi jointi, ile jointi ya shafti, imekufa, kumbe nafasi yenyewe ya shafti haipo, milimita 48 kila upande zimeliwa. Hakuna aliyekosea hesabu. Wote wawili tulikuwa sahihi ila tulikuwa tunapima vitu viwili tofauti kwa jina moja.

Kwahiyo hatua ya pili, kila pointi ipewe jina na jina liseme ni wapi hasa. Haya ni majina yetu: chini-ndani-mbele, chini-ndani-nyuma, chini-nje, juu-ndani-mbele, juu-ndani-nyuma, juu-nje, too-ndani, too-nje, shoki-juu, shoki-chini, shafti-ndani, shafti-nje, na habu-uso. Too ni tairi kuelekea ndani au nje ukilitazama kutoka juu, na mkono wa too ndo unaoishikilia. Pointi ni katikati ya bolti, katikati ya bushi, siyo ukingo wa breketi. Ziko 13 upande mmoja, kila moja ina X, Y na Z, jumla namba 39. Hizo namba 39 ndo saspensheni yenu. Mchoro wenye rangi, picha ya tatu-D inayozunguka, hivyo vyote vinatoka kwenye hizo namba, kwahiyo mnachoshirikiana ni shiti ya namba, siyo picha. Ukinitumia skrinishoti ya modeli mimi siwezi kukata chuma kwa skrinishoti.

Kupima naklo, yaani hiki chuma kinachobeba habu na beringi. Nimeiweka kwenye kioo kinene cha meza kwa sababu kioo ni bapa kuliko benchi langu, nimekaza habu-uso iangalie chini, alafu napima kwa vania kila tundu liko juu ya kioo kiasi gani. Ukimaliza mpe mtu mwingine apime bila kuona namba zako. Sisi dada yetu wa Mwanza alinunua naklo ya kwake ya gari lilelile akapima kule, tukalinganisha, tulipotofautiana zaidi ya nusu milimita tukarudia wote. Tundu moja tu lilisumbua, lile la too, kwa sababu limekaa mshazari, tulichonga pini kwenye leith ikaingia kwa kubana alafu tukapima pini badala ya tundu. Picha mnazotumiana wekeni rula ndani ya picha, na kwenye WhatsApp tumeni kama dokumenti, ukituma kama picha ya kawaida inabanwa na mistari ya rula haisomeki.

Sasa kwa nini nawasumbua na milimita, sogeza kamera hapa. Chukua mkono wa chini wa 330, wa juu wa 240, na naklo yenye 220 kati ya jointi ya juu na ya chini. Mikono yote ikiwa imelala sawa na ardhi, tairi ikipanda 60 mkono wa chini unavuta jointi yake ndani 5.5, wa juu unavuta 7.6. Tofauti ni 2.1 tu, ukigawa kwa 220 unapata tairi limeinamia ndani karibu nusu digrii, huko kuinama ndo kemba. Ni ndogo, kwenye kona gari likilala tairi la nje litasimamia ukingo. Sasa shusha pointi moja tu, juu-ndani, milimita 25 chini, hujagusa kingine. Tairi ikipanda 60 ileile mkono wa juu sasa unavuta 14.3, toa 5.5 inabaki 8.8, hiyo ni digrii 2 na robo. Milimita 25, urefu wa kichwa cha kidole gumba, na gari limekuwa gari lingine. Ndo maana mtu akisema "nimesogeza breketi kidogo ikae vizuri na bomba" mimi moyo unaruka. Kidogo kiasi gani? Andika kwenye shiti.

Na too ndo kali zaidi. Mkono wa too ukikaa 120 kutoka kwenye mstari wa jointi ya juu na ya chini, kila milimita 1 ya kosa inageuza tairi la nyuma karibu nusu digrii. Kwa nyuma, tairi ikipanda alafu ikafungukia nje, mkia unakutoka katikati ya kona na huna muda wa kuurudisha. Kwahiyo mkono wa too tunaulenga, ukirefusha mistari ya mkono wa juu na wa chini kwa macho mpaka ikutane, mstari wa too nao uelekee palepale, hiyo ni hatua ya kuanzia, kazi ya mwisho inafanywa na vipimo.

Faili sasa. Tunatumia FreeCAD kwa sababu ni ya bure na kila mtu anaifungua hata kama hana leseni. Shiti iko ndani ya faili, ukibadilisha namba mchoro unasogea wenyewe. Mtunza faili ni mmoja tu. Kwetu ni dada wa Mwanza, ndo mtu makini kuliko wote, ukitaka kubadilisha unamwandikia: pointi gani, kutoka ngapi kwenda ngapi, kwa nini. Akikubali anahifadhi kama nyuma-v08, v09, hafuti ya zamani, na hakuna faili inayoitwa "ya-mwisho-kabisa-2". Fundi anakata chuma cha toleo ambalo limeandikwa "kata", mengine yote ni mazungumzo. Pia mkitaka wengine watumie kazi yenu wekeni leseni mapema, sisi tumeweka CC BY-SA, leseni ya Creative Commons, chukua, badilisha, ila taja ulikoitoa na ulichobadilisha nacho ukiachie wengine. Usipoandika kitu, mwenzako hajui kama ameruhusiwa, na miezi sita baadae mnagombana.

Hatua inayofuata ni plaiwudi, kabla ya chuma. Printi mchoro ukubwa halisi, na kwenye kona ya mchoro kuwe na mraba wa 100 kwa 100. Karatasi ikitoka pima huo mraba kwanza, ukikuta 97 printa imepunguza ili ienee kwenye karatasi, tupa. Hapa nimekata mikono ya plaiwudi, nimetoboa, nimefunga kwa bolti kwenye naklo halisi na difu halisi, sasa napandisha na kushusha kwa mkono. Angalia draivu shafti, inaingia na kutoka kwenye jointi ya ndani, nimeweka alama ya chaki, hakikisha juu kabisa haigongi mwisho na chini kabisa haichomoki. Angalia pia breki kaliper isiguse mkono wa juu, yetu ya v06 iligusa.

Chuma chenyewe sitakaa sana, mnajua kuchomelea kuliko mimi. Ila mawili. Breketi ishike bolti pande zote mbili, upande mmoja bolti inapinda, na tumia bolti ya daraja 10.9 siyo bolti isiyo na namba kichwani. Na rodi endi, ile jointi ya duara yenye uzi, usiiweke mahali ambapo uzito wa gari unainama juu yake, yaani shoki ikae kwenye mkono wa chini karibu na jointi ya nje, siyo katikati ya mkono unaoshikwa na uzi wa rodi endi, uzi unakatika pale unapoanzia na haukupi taarifa. Kila kitu kwanza piga doti tu kwenye jigi, fremu inayoshika vyuma visisogee, upande wa kushoto na wa kulia, pima, alafu ndo uchomelee moja kwa moja, na uachie kipoe ndani ya jigi.

Mwisho toa springi. Gari liko juu ya stendi, siyo jeki peke yake tafadhali, chasisi imekaa pimamaji. Nimefunga ubao kwenye habu na pointa ya laseri inaangaza ukutani mita 3 kutoka hapa. Napandisha kwa jeki ndogo chini ya naklo, kila milimita 20 naweka alama ukutani, kuanzia 60 chini mpaka 60 juu, alama saba. Alama zikipanda wima ni kemba na urefu tu, zikienda pembeni hiyo ni too, na kwa mita 3 kila milimita 5 za pembeni ni kama moja ya kumi ya digrii. Yetu ya v09 ilienda pembeni 22 ikifika juu, nje, mbaya. Nikaandika zile namba saba kwenye shiti, wenzangu wakaona kitu kilekile kwenye modeli zao, too-ndani ikapandishwa milimita 4 kwa washa za bolti, nikarudia: 6, na imeelekea ndani. Upande wa kulia napima kesho asubuhi kabla jua halijaingia ukutani, maana laseri haionekani, na hauchomelewi mpaka alama zake saba zilingane na hizi.