Kaiti Mpya Haijaribiwi Peke Yake

Mhadhara uliotolewa Mikindani, Mtwara, mbele ya vijana wa michezo ya majini, mafundi wa matanga na manahodha

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Nimeambiwa nizungumze mpaka maji yaanze kujaa, kwa hiyo muda wangu umepangwa na mwezi, si na mwenyekiti.

Nina neno moja tu. Kaiti mpya, ile tiara kubwa ya kumvuta mtu juu ya maji, ikifika hapa, ikatolewa mfukoni, ikajazwa upepo, na kijana akaingia nayo majini na kurudi akisema "hii kali", bado hajatuambia kitu. Kali kuliko ipi? Upepo ulikuwa kiasi gani? Maji yalikuwa yanajaa au yanatoka? Wahenga walisema kipya kinyemi, ingawa kidonda, na sijaona penye ukweli huo kama ufukweni, mbele ya kitambaa chenye rangi kali ambacho hakijaonja chumvi.

Kwa wazee walioiona kwa mbali tu: kaiti ni tanga lisilo na mlingoti. Ukingo wake wa mbele ni bomba la kitambaa kigumu linalojazwa hewa kwa pampu, lina mbavu kadhaa nyuma yake, na kati ya mbavu kuna kitambaa chepesi cha poliesta. Kamba nne, mara nyingi za mita 20 hadi 24, zinashuka hadi kwenye mpini. Mwendeshaji amefunga mkanda mpana kiunoni wenye ndoana, miguuni ana ubao. Kamba mbili za mbele hubeba mzigo, mbili za nyuma huongoza. Akivuta mpini kifuani, kaiti inashika upepo, akiusukuma, inauachia.

Bomba hilo la hewa lina historia, na historia hiyo inatuonyesha pa kuanzia. Ndugu wawili wa Ufaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, waliombea hataza, yaani haki ya mvumbuzi, kaiti ya namna hiyo mwaka 1984. Tiara za kuvuta watu zilikuwapo kabla yao. Shida ilikuwa kwamba ikianguka majini inalowa, inalala, na safari imekwisha. Yao ilielea na kuinuka tena. Kwa hiyo mimi kaiti mpya huiangusha makusudi, tena katika upepo mdogo. Upepo ukiwa mkali, hata mbovu itaamka yenyewe. Katika upepo wa kilomita 20 kwa saa hivi, unavuta kamba moja ya nyuma, unaangalia kama inabingirika hadi kusimama kwa ncha, inasogea pembeni na kupanda, au inabaki imejibandika majini kama inayokudai. Mtengenezaji anaweza kuandika lolote kwenye mfuko, lakini hapo atajulikana.

Sasa nije kwenye maji yetu haya, kwa sababu ndiyo yanayodanganya kuliko watengenezaji wote.

Nguvu ya upepo haiongezeki sawa na mwendo wake. Upepo ukiwa na mwendo maradufu, nguvu ni mara nne. Kumbukeni hilo, halafu tazameni mlango wa ghuba yetu. Siku za bamvua maji hapa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na yote hayo lazima yapite mlangoni. Kusi inapovuma na maji yanatoka, vyote viwili vinakusukuma karibu upande mmoja, nje. Maji yakiwa yanajaa, mkondo unaukabili upepo.

Tufanye hesabu ya juu juu. Tuseme kusi inavuma kilomita 28 kwa saa, na mkondo unakwenda kilomita 4 kwa saa. Aliyesimama ufukweni na kipima upepo anasoma 28 mchana kutwa, anaandika 28. Lakini mwendeshaji yumo ndani ya maji yanayotembea. Yakijaa kuelekea upepo unakotoka, anapata upepo wa 32. Yakitoka pamoja nao, anapata 24. Ukilinganisha nguvu, ya kwanza ni karibu mara 1.8 ya ya pili. Maana yake kaiti ileile ya mita 12 za mraba asubuhi ni simba, na jioni inavuta kama ya mita 7. Hajabadilisha kamba wala ubao wala kitu kingine chochote.

Na si nguvu tu. Mkondo unaojaa unambeba kwenda goshini, kule upepo unakotoka. Atarudi akiapa kwamba kaiti inabisha, yaani inapanda kuelekea upepo unakotoka, vizuri ajabu. Haikubisha kaiti, bahari ilimbeba.

Mtafanyaje basi? Hamwezi kuuzuia mwezi. Mnachukua kaiti ya zamani, ya ukubwa uleule, mnayoijua tabia zake, na kuingia nazo zote mbili katika saa moja. Hiyo ya zamani ndiyo jiwe la mizani. Waendeshaji wawili wenye uzito unaokaribiana wanatoka pamoja, bega kwa bega, wanabisha kuelekea alama moja ya nchi kavu. Kisha wanarudi, wanabadilishana kaiti, wanatoka tena. Wanabadilishana tena. Kama mpya inashinda mikononi mwa wote wawili, inashinda. Kama anayeshinda ni kijana yuleyule kila mara, mmempima kijana. Wala msibadilishe ubao katikati: ubao mpana utaifanya kaiti ya kawaida ionekane ya miujiza upepo ukiwa mdogo.

Kwenye Olimpiki ya 2024 kaiti zilishindaniwa kwa mara ya kwanza, kule Marseille, na upepo mwepesi uliwasumbua hata mbio zikaahirishwa. Lakini walipotoka, walitoka pamoja, katika upepo mmoja na maji mamoja. Ndicho ninachokiomba hapa, bila medali.

Kamba zitazameni kabla hamjamlaumu mtu. Kamba mpya hunyooka, na zile za mbele hurefuka kwanza kwa sababu ya mzigo, kwa hiyo za nyuma zinakuwa fupi kwa kulinganisha. Kaiti inakabwa, inarudi kinyumenyume, inaanguka, na watu wanasema imeshonwa vibaya. Fungeni ncha zote nne kwenye mnazi mmoja, vuteni, mwone kama mpini umekaa sawa. Mafundi wa matanga mliopo hapa sina haja ya kuwafundisha hili.

Na huo mnazi uwe wa kufungia kamba tu. Msijaribu kaiti nyuma ya minazi. Upepo ukivuka mti wa mita 20 unavurugika kwa mita 200 na zaidi upande unakoelekea, na kaiti itaonekana ina wazimu.

Usalama nausema kwa ufupi kwa kuwa haujadiliwi. Kifyatulio, kile cha kujinasua na kaiti kwa dharura, kinajaribiwa mchangani kabla ya chochote. Boti ya injini inakuwa majini, kwa sababu kusi hapa ikikutoa nje haikurudishi. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa, kaiti mpya inabaki mfukoni.

Naona nahodha ameinua mkono. Ndiyo, mzee wangu.

Mzee anasema wao wakipata tanga jipya hawafanyi hesabu hizi. Wanakwenda nalo hadi Msimbati, wakirudi wanalijua. Shikamoo tena, mzee, umenisaidia. Mnatoka ngalawa ngapi pamoja asubuhi? Nyingi. Na unajua jirani yako huwa anakupita au wewe unampita? Unajua. Basi umelipima tanga kwa jirani, saa ileile, maji yaleyale. Kijana wa kaiti huwa peke yake, ndiyo maana anahitaji kuletewa jirani.

Binti pale nyuma anauliza: hiyo kaiti ya zamani nayo si inachakaa? Inachakaa. Jua hula kitambaa, kinapoteza ugumu na kinatanuka. Kwa hiyo ya kulinganishia isitumike kufundishia. Isuuzwe kwa maji baridi, ikaushwe kivulini, ikunjwe, itolewe siku za majaribio tu. Ikitiwa kiraka, andika kwenye daftari kiko wapi. Na ikianza kusuasua kuinuka majini, itafutie mrithi, lakini kabla ya kuistaafisha toka nazo zote mbili katika maji mamoja, uandike tofauti yao, ili vipimo vya mwaka huu viweze kusomeka na vya mwakani.