Damu Hurudi Leo, Nguvu za Moyo Huja Baadaye

Ndugu zangu, wagonjwa waliofanyiwa baipasi, yaani upasuaji wa kuivusha damu mahali mshipa wa moyo ulipoziba, huniuliza sana: "Daktari, mishipa imeshaunganishwa, mbona bado nachoka?" Wana haki ya kuuliza.

Moyo, hasa upande wa kushoto, hupata damu yake nyingi unapolegea, kwa sababu ukijikaza huibana mishipa yake wenyewe. Tena, hata mtu akiwa ameketi, tayari moyo unachukua karibu asilimia 70 ya oksijeni iliyomo katika damu inayoufikia. Ukihitaji zaidi, hauna budi kuletewa damu zaidi. Ndiyo maana mwenye mshipa uliosinyaa huwa salama kitini, akipanda ngazi kifua kinabana.

Mwaka 1967 René Favaloro, Mwargentina aliyekuwa Cleveland, Marekani, alitumia vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) ya mguu kuivusha damu mahali palipoziba. Vena hizo bado tunazitumia, lakini ateri (mshipa unaotoa damu moyoni) ya ndani ya ukuta wa kifua huzishinda kwa mbali: baada ya miaka 10, ateri zaidi ya 9 kati ya 10 bado zinapitisha damu. Vena haikuzoea shinikizo la ateri, hivyo kuta zake hunenepa, kisha mafuta hujijenga.

Sasa uchovu. Misuli iliyokosa damu kwa miezi hupunguza kazi ili isife, na chembe zake hupoteza nyuzi za kujikazia. Damu hurudi siku ileile ya upasuaji. Nyuzi hujengwa upya kwa wiki, mara nyingi kwa miezi. Palipokwisha kuwa kovu hapaamki.

Kwa hiyo eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ya wiki ya kwanza isiwatie hofu. Mara nyingi ukuta ulio kati ya vyumba vya kushoto na kulia huonekana ukienda upande usio wake, ilhali misuli yake inajikaza vizuri.

Utafiti uitwao STICH ulifuatilia wagonjwa 1,212 wenye mioyo dhaifu, ukilinganisha baipasi pamoja na dawa, na dawa pekee. Kufikia miaka 5 hivi, tofauti ya vifo haikuwa dhahiri. Kufikia miaka 10, walikuwa wamefariki asilimia 59 ya waliopangiwa upasuaji pamoja na dawa, na 66 ya waliopangiwa dawa pekee.

Nawaombeni, msiache aspirini na dawa ya kolesteroli eti kifua kimetulia. Na eko ya kupima nguvu za moyo irudiwe baada ya miezi 3, kabla ya kuamua juu ya kifaa cha kushtua moyo.