Kovu la Shingoni na Mtoto Aliye Tumboni

Assalaamu alaykum, mama zangu na dada zangu, nanyi wakunga wa hapa Chake Chake.

Leo namkusudia mwanamke aliyewahi kutibiwa rovu lile la kukimbiza moyo. Alikonda, mikono ikimtetema, macho yakamtoka. Akafanyiwa operesheni, akapona. Sasa ana mimba. Kliniki anapimwa presha, sukari na wingi wa damu. Shingo haulizwi, na kovu limefunikwa na mtandio. Mwenyewe hasemi, kwa kuwa kwake hayo yalishakwisha.

Hayajakwisha. Maradhi hayo, yaitwayo ya Graves, chanzo chake ni kingamwili, yaani askari wa mwili walioko damuni, zinazoichochea tezi ya shingo bila kusita. Tezi ikishatolewa, kingamwili huweza kubaki damuni miaka mingi, na kondo la nyuma halizizuii. Mama hana tena tezi ya kuchochewa. Mtoto anayo, na kuanzia wiki ya 20 hivi inaweza kuziitikia.

Si wengi: katika watoto 100 wa mama wenye maradhi haya, 1 hadi 5 hivi ndio hudhurika. Lakini asiyetibiwa, moyo wake unaweza kushindwa kazi. Kwa hiyo wakunga, mkisikiliza tumbo mkakuta mapigo yanapindukia 160 na hayashuki, na mama hana homa, mwambieni alegeze mtandio muitazame shingo.

Mama ambaye bado ana tezi na anatumia kabimazoli, dawa ya kuituliza tezi hiyo, nahimiza aangaliwe zaidi. Dawa nayo humfikia mtoto, hivyo siku ya kwanza anaonekana mzima kabisa, na mama anaruhusiwa kwenda nyumbani. Baada ya siku chache dawa imemtoka, kingamwili zimebaki. Hapo mtoto ananyonya kwa pupa na uzito haupandi, hatulii, anatoka jasho, kifua kinadunda. Damu yake ipimwe siku ya 3 hadi ya 5, kisha irudiwe karibu na wiki ya pili. Kingamwili za mama hupungua kwa nusu kila wiki 3 hivi, ndiyo maana matibabu ya mtoto ni ya miezi michache tu.

Ziko kingamwili nyengine zinazoifunga tezi badala ya kuichochea. Mtoto aliyefungwa tezi hupewa upesi thairoksini, homoni ambayo tezi ingeitengeneza, kwani ubongo wake unaihitaji tangu siku za mwanzo.

Na kunyonyesha, dada zangu, nyonyesheni. Kabimazoli kwa kipimo kidogo alichopanga daktari haimkatazi mtoto ziwa. Msiiache wenyewe kwa khofu.