Kusafisha msimbo wa kushughulikia uhaba wa kumbukumbu katika kerneli ya Linux

Karibuni, watazamaji. Leo tunasafisha funksheni ya probe ya draiva moja (programu inayoendesha kifaa), yaani funksheni inayoitwa pindi kerneli, kiini cha mfumo, inapokitambua kifaa. Tazameni skrini: funksheni hii inaomba kumbukumbu mara tatu kwa kzalloc, la kwanza likiwa la priv na la pili la buf. Kila ombi linapokataliwa inaandika ujumbe wa kosa kwa dev_err, inajaribu kuachilia kwa kfree ilichokwisha kupata, kisha inarudisha -ENOMEM, msimbo wa kosa la uhaba wa kumbukumbu.

Kwanza, futeni dev_err zote tatu. Kumbukumbu ikikosekana, kerneli yenyewe huandika onyo kwenye dmesg, yaani kumbukumbu za matukio ya kerneli, pamoja na orodha ya funksheni zilizoitana, isipokuwa ombi liwe na bendera ya __GFP_NOWARN, inayozuia onyo hilo. Ujumbe wetu hauongezi lolote, na hata scripts/checkpatch.pl, skripti ya kukagua viraka, huulalamikia.

Sasa sogeeni karibu na ombi la tatu. Likishindwa, kfree(priv) ipo, lakini kfree(buf) imesahaulika, kwa hiyo kumbukumbu ya buf inavuja, yaani inabaki imeshikwa bila kuachiliwa. Kosa kama hili huweza kukaa miaka mingi bila kuonekana, kwa sababu maombi madogo hukataliwa kwa nadra sana na njia hiyo karibu haipitiwi kamwe. Dawa yake ni kukusanya maachilio yote mwishoni mwa funksheni, kwa mpangilio ulio kinyume na ule wa kuomba: lebo (jina la mahali pa kurukia) err_free_buf itangulie, err_free_priv ifuate, kisha return -ENOMEM. Ombi la tatu likishindwa, liruke kwa goto hadi err_free_buf. La pili hadi err_free_priv. La kwanza lirudi moja kwa moja, kwa kuwa hakuna cha kuachilia. Nawasihi msiziite lebo err1 na err2, maana jina linapaswa kusema kinachofanyika pale. Hakikisheni pia kwamba return 0 imebaki juu ya lebo, la sivyo funksheni iliyofanikiwa itaporomokea humo na kuachilia kumbukumbu ambayo bado inatumika.

Tangu toleo la 6.5 la mwaka 2023 ipo pia __free(kfree), inayoachilia kumbukumbu yenyewe kigeugeu kinapotoka katika eneo lake, lakini msiichanganye na goto ndani ya funksheni moja.

Kisha jaribuni. Washeni CONFIG_FAILSLAB, ambayo huiwezesha kerneli kukataa maombi kwa makusudi, pakieni draiva upya mara kadhaa, halafu andikeni scan kwenye /sys/kernel/debug/kmemleak, faili la kigunduzi cha uvujaji wa kumbukumbu, na msome matokeo.

Mkituma, gaweni kazi katika viraka viwili, yaani mafungu mawili ya mabadiliko ya msimbo. Kiraka cha kuziba uvujaji kitangulie, kikiwa na mstari wa Fixes:, unaotaja badiliko lililoleta kosa, ili wanaotunza matoleo ya zamani waweze kukichukua peke yake bila kubeba usafishaji wetu.