Hopsi Zitiwe Lini? Kuchemsha Pale Ale Jikoni Malindi

Karibuni watazamaji. Leo tunachemsha pale ale, aina ya bia, na hopsi ni maua yanayoipa uchungu na harufu. Kimea kimeshachujwa, na sufuria hii ina lita 25 za maji yake. Tunataka lita 20 kwenye ndoo ya kuchachulia. Zilizobaki zitakwenda na mvuke na machicha.

Tumia jiko kubwa la gesi linalokaa chini. Kichomeo cha juu ya mtungi wa kilo 6 hakiiwezi kazi hii, na kuubebesha mtungi sufuria nzito ni kujitafutia ajali.

Yakikaribia kuchemka, povu hupanda ghafla. Punguza moto, koroga kwa mwiko, na usifunike: kifuniko hurudisha ndani mvuke unaoipa bia harufu ya mahindi ya kuchemsha. Povu likishuka, hapo sasa bonyeza saa, dakika 60.

Fungu la kwanza linaingia mara moja: gramu 20 za hopsi zenye asidi ya alfa, ile inayoleta uchungu, asilimia 10. Zinyunyize kidogo kidogo, maana povu litarudi. Hizi ni za uchungu tu, harufu yake itapotea yote.

Fungu la pili ndilo linalowakosesha wengi. Maelezo yakisema "Cascade gramu 20, dakika 15" (Cascade ni aina ya hopsi), hizo ni dakika zilizobaki, si zilizopita. Hesabu ya hopsi huenda kinyumenyume. Kwa hiyo tia baada ya dakika 45 za kuchemka. Ukitia dakika 15 tu tangu uanze, fungu hilo litachemka dakika 45, litoe uchungu karibu mara mbili, na ile harufu ya balungi uliyoinunua usiipate. Zikibaki dakika hizohizo 15, zamisha pia koili ya shaba ya kupozea, ichemke isafike.

Zikibaki dakika 5, vitabu vingi vitakwambia utie gramu 30 za mwisho. Kwa Malindi, ngoja kwanza.

Sababu ni hii: kuzima moto hakusimamishi hopsi. Maadamu maji yamezidi nyuzi 80 hivi, uchungu unaendelea kutoka. Kwenye nchi za baridi, maji ya bomba huyapoza upesi. Maji yetu yenyewe yana uvuguvugu, na ikikuchukua nusu saa kushuka, hopsi za dakika 5 zitakuwa zimefanya kazi ya robo saa na zaidi. Bia inakuwa kali, na hujui kosa liko wapi.

Basi dakika 60 zikitimia, zima moto kwanza, poza hadi nyuzi 80, pima kwa kipimajoto, kisha ndipo utie zile gramu 30. Sasa kifuniko kinaruhusiwa. Acha dakika 20.

Endelea kupoza: koili ndani, na sufuria yenyewe kwenye karai la barafu, ileile ya kuhifadhia samaki. Barafu hiyo isiguse bia hata tone, ni chafu.

Hamira ya kawaida ya ale hutaka nyuzi 18 hadi 22, joto ambalo chumba kisicho na kipoza hewa hapa hakilijui. Kveik, hamira ya kienyeji ya Norway, hustahimili nyuzi 30 na zaidi; poza hadi 30, uitie.

Hopsi zilizobaki, kamua hewa kwenye pakiti uzirudishe friza. Zikiachwa kabatini zinaanza kunuka jibini, na harufu hiyo ikiingia kwenye bia haitoki.