Tengeneza kapu la kupikia bila moto, upunguze mkaa

Habari yako mtazamaji, karibu. Leo tunatengeneza kapu la kupikia, wengine wanaliita jiko lisilotumia moto. Kazi yake ni kumalizia kuivisha chakula kilichokwisha kuchemka. Unachemsha maharage, unayaepua yakiwa bado magumu, unayatia kapuni, unafunika na kuendelea na shughuli zako. Ukirudi, yameiva.

Nimelichagua kapu hili kwa makusudi. Ukiulizia bidhaa za kutunza mazingira utaonyeshwa vitu vingi vya kununua, tena vya bei. Hili utalishona kwa vitu ambavyo huenda vimo ndani sasa hivi, na linagusa palepale panapouma: mkaa. Kwenye matanuri ya udongo, kilo 1 ya mkaa hula kilo 6 hadi 10 za kuni. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, kule Kisarawe, jirani kabisa na Dar es Salaam, imekatwa miaka na miaka kwa ajili ya majiko ya mjini. Tanzania sasa ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, na lengo ni kuwafikia asilimia 80 ya wananchi. Ni jambo jema sana. Lakini wengi wenye gesi tunajua mtungi ukiisha katikati ya mwezi mtu anarudi kwenye mkaa. Kapu hili linakufaa hata wewe wa gesi, maana mtungi utakaa zaidi.

Tuelewe kwanza linavyofanya kazi. Chakula kikishachemka, sehemu kubwa ya moto unaoendelea kuwaka inafidia tu joto linalopotelea pembeni na juu ya sufuria. Ukilizuia joto hilo lisitoke, chakula kinaendelea kuiva chenyewe, kama chai inavyobaki moto ndani ya chupa. Uingereza, wakati wa vita kuu zote mbili, watu walipikia kwenye masanduku yaliyojazwa nyasi kavu ili kubana matumizi ya nishati. Sisi tutatumia kikapu.

Hatua ya kwanza, chagua sufuria kabla ya kapu. Hizi sufuria zetu zisizo na mikono ndizo zinazofaa, kwa sababu hakuna kinachochomoza na kuacha mwanya. Chukua ya lita 4 au 5, ile unayopikia familia kila siku. Mfuniko ukae sawasawa, usicheze. Kisha tafuta kapu la milala au la ukindu ambalo sufuria ikikaa katikati inabaki nafasi ya sentimita 10 pande zote, karibu upana wa kiganja. Huna kapu? Ndoo kubwa iliyopasuka inafaa, hata boksi gumu la karatasi linafaa.

Hatua ya pili ni vya kujazia, na hapa naomba tuende taratibu, maana ndipo kapu linapofaulu au kushindwa. Kinachozuia joto ni hewa iliyotulia katikati ya nyuzi. Kwa hiyo tunataka kitu chepesi, kikavu, chenye kushika hewa. Sufi ni nzuri mno, kama una mto wa zamani uliochanika usiutupe. Masweta ya mitumba yaliyochakaa, blanketi kuukuu, maranda ya mbao kutoka kwa fundi seremala, pumba za mpunga, majani makavu ya mgomba, vyote vinafaa. Pumba na maranda vianike juani siku nzima kwanza, unyevu utoke na wadudu wakimbie. Kitu chenye unyevu hupitisha joto haraka, na baada ya wiki kitanuka uvundo. Mifuko ya plastiki usiiweke mahali itakapogusana na sufuria, itayeyuka. Na tafadhali usiende dukani kununua sponji mpya kwa ajili ya kazi hii.

Hatua ya tatu, tunashona. Chukua kitenge au khanga iliyochoka, ikunje mara mbili, ishone pembeni iwe kama foronya. Ya kwanza iwe ya mduara, ya kukaa chini ya kapu. Ijaze hadi ukiibonyeza kwa ngumi isiguse chini. Sasa simamisha sufuria tupu juu yake, katikati. Foronya ya pili ni ndefu, ya kuzungusha ukutani. Sogea karibu uone: siijazi yote kwa mkupuo. Nashona vyumbachumba, kila kimoja upana wa kiganja, nikijaza kimoja namalizia mshono ndipo nahamia kingine. Usiposhona hivi, pumba zote zitateremka chini na sehemu ya juu itabaki kitambaa kitupu. Sindano ya mkono inatosha, cherehani si lazima.

Zungushia ukuta huo, kisha tia mkono kati ya sufuria na kapu, tafuta mianya. Kila unapoona kidole kinapita, chomeka kitambaa. Ukiivuta sufuria, unatakiwa usikie inakaza kidogo, na ikitoka iache umbo lake kama kiota. Hicho ndicho tunachokitaka.

Hatua ya nne, mto wa juu. Joto hupanda, kwa hiyo mto huu uwe mnene kuliko vyote na upana wake uzidi mdomo wa kapu, ili ukiushindilia uingie na kufunika kingo.

Sasa tulijaribu kwa maji kabla ya kuhatarisha chakula. Jaza sufuria, chemsha hadi yatokote, funika, yatie kapuni, weka mto, uache kwa saa tatu. Ukifungua, pima kwa kipimajoto: tunataka nyuzi 60 au zaidi. Ikipungua hapo, vijidudu vinaanza kupata nafasi ya kuzaliana, na kapu hilo halifai bado kwa chakula. Ongeza unene, hasa juu.

Limefaulu? Haya, tupike maharage.

Yaloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga yale maji, weka mengine, na uweke pungufu ya unavyozoea, kwa sababu kapuni mvuke hautoki. Sufuria ijae angalau theluthi mbili. Chakula kidogo kwenye sufuria kubwa hupoa haraka. Bandika motoni, funika, na yakianza kuchemka yaache yachemke kwa nguvu nusu saa. Hapa usipunguze. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili inayoumiza tumbo vibaya, na sumu hiyo huondoka kwa kuchemka hasa, haiondoki kwa joto la vuguvugu. Ukiyatia kapuni bila kuyachemsha vizuri unaweza kuwaugulisha watu nyumbani.

Ikifika nusu saa usifunue kuonja. Epua sufuria ikiwa imefunikwa. Kama unatumia mkaa, tazama chini yake kwa makini, kaa dogo linaweza kuwa limenata, nalo likiingia kwenye sufi litawasha kapu zima. Pangusa masizi kwa kitambaa, itie kwenye kiota, bonyeza mto. Yote hayo yafanyike haraka. Kisha acha saa tatu hadi nne, na katika muda huo usifungue hata mara moja, hata watoto wakikuomba.

Yakitoka yameiva laini, yarudishe motoni, unga kwa kitunguu, nyanya na tui la nazi, yachemke tena ndipo yapakuliwe. Mtazamaji uliyeko Nairobi, Arusha au Mbeya, huko juu maji huchemka kwenye joto pungufu kidogo, basi ongeza dakika 10 motoni na saa moja kapuni.

Wali ni rahisi zaidi. Vikombe 2 vya mchele kwa vikombe 3 vya maji, chemsha dakika 5, tia kapuni saa moja. Hakuna haja ya kupalia makaa juu ya mfuniko. Ukoko hutaupata, niseme wazi, maana hakuna kinachounguza chini. Makande yanakubali sana, mbinu ni ileile ya maharage, ila mahindi yasiyokobolewa yape muda mrefu zaidi motoni. Nyama ikate vipande vidogo; pande kubwa halishiki joto hadi ndani. Ugali na chapati haviwezi, endelea na jiko.

Jambo moja nasisitiza: kapu si mahali pa kulaza chakula. Kilichoiva mchana kiliwe mchana, au kichemshwe tena. Nyama uliyoipika jioni usiiache humo hadi asubuhi, hata kama mto bado una joto.

Matunzo hayana mambo mengi. Juu ya kiota tandika kipande cha khanga kinachotoka, kifue kila mchuzi ukimwagikia. Mara moja kwa wiki toa mito yote, ianike juani, uipige kwa mkono ijiinue. Pumba zikianza kuvunjika na kuwa unga, zimwage bustanini, ujaze nyingine. Na ukimaliza kuanika, rudisha sufuria tupu ndani ya kapu, ili kiota kisijifunge kabla ya kupika tena.